Mgeni Asiyeulizwa Anakula Nini

Paukwa!

Pakawa!

Nanyi watu wazima huko nyuma, itikieni, msijifanye mmelala. Paukwa!

Pakawa!

Hapo zamani za kale palikuwa na kidimbwi mlimani. Hakikuwa na samaki hata mmoja. Konokono walilamba utelezi kwenye mawe, maji yakawa safi. Kereng'ende alipiga mkia majini, chup, chup, akataga mayai, na watoto wake wakakulia humo humo mpaka wakaota mabawa. Mkubwa wao wote alikuwa Mzee Kaa.

Siku moja akapita mtu na ndoo. Akamwaga samaki mmoja, pwaa, akaenda zake.

Wenyeji wakafurahi. Kwao ilikuwa aibu kumuuliza mgeni anakula nini. Mzee Kaa akampa shimo lenye kina, akamwambia hapa ni kwako.

Kumbe chakula chake ni wenyeji! Asubuhi, hap, mtoto wa Kereng'ende. Jioni, hap, Konokono. Utelezi ukajaa, maji yakanuka. Mzee Kaa akajificha chini ya jiwe, na huko huko akasema kumsema mgeni ni utovu wa adabu. Adabu gani hiyo, jamani? Inaniudhi mimi, sembuse mama aliyefiwa.

Kereng'ende akalia. Kisha akaruka hadi juu ya maporomoko yanayoleta maji kidimbwini, asikoweza kupanda Samaki, akataga mayai yake ya mwisho kwenye kijidimbwi cha mawe. Lakini kijidimbwi kile hukauka kiangazi. Watoto wasiporudi chini, watakufa.

Basi akapita kwa Fisi Maji, mwindaji wa samaki, wakanong'onezana. Kereng'ende akashuka kidimbwini.

"Mgeni wetu," akasema, "unakula nini?"

"Watoto wako," Samaki akajibu. "Wako wapi waliobaki?"

"Nifuate."

Akaenda akigusa maji kwa mkia, chup, chup, kama anayetaga. Samaki nyuma, hap, hap. Kina kikapungua, kikapungua. Chup! Samaki akaruka, akaangukia changarawe. Fisi Maji akala akashiba.

Mvua ikanyesha, watoto wakateremka na maji. Konokono waliosalia wakaanza kulamba mawe, polepole, jiwe kwa jiwe. Maji yakarudi kung'aa.

Siku nyingine akaja Chura.

"Karibu," akasema Mzee Kaa. "Ila kwanza, unakula nini?"

"Mbu."

"Basi pita ndani."

Wanangu, adabu si kufumba macho. Mgeni mkaribishe, lakini muulize kabla hujampa kitanda.

Hadithi yangu imeishia hapo, ukingoni mwa maji. Nawe ukipita mlimani na ndoo yako, shuka nayo vilevile ilivyo, usimwage kitu.