Kwa Nini Majina ya Makaburini Huandikwa kwa Herufi Nyembamba

Ninyi mnaocheka mbele ya vibao vya maduka, sogeeni. Palikuwa na zama ambapo herufi zote zilikuwa nyembamba. Duka na kaburi yaliandikwa sawasawa, na mtu hakujua panapouzwa sukari mpaka agongane na muuzaji.

Zama hizo, katika mji mmoja wa kando ya barabara kuu, aliishi Hamduni, fundi wa kuandika vibao, na mkewe Mashavu, muuza vitumbua. Mashavu alikuwa na adabu zake. Ukimwita hata kutoka ng'ambo ya barabara, ataitika "Abee!" kabla hujafunga mdomo, kisha aje mwenyewe, mikono ina unga. Hamduni alimpenda mpaka watu wakamtania kwamba kalishwa limbwata. Siku moja alitazama vitumbua vikiumuka chunguni, akachukua brashi nene, akaandika jina la mkewe juu ya banda kwa herufi zilizoumuka vivyo hivyo: nono, zimeegemeana, zina vitundu vidogo tumboni. Aliyeziona kwa mbali alicheka, na kabla hajaamua kusoma, mdomo ulishaita: "Mashavu!" Vitumbua vikawa haviishi kugombewa.

Kisha homa ikamchukua Mashavu. Hamduni, kwa uchungu, aliandika kibao cha kaburi kwa herufi zilezile. Makaburi yalipakana na barabara, na kila mpita njia akawa analiita jina lile bila kutaka. Adhuhuri moja, jua la utosi, wachuuzi walisikia jibu kutoka chini ya udongo.

"Abee!"

Watu walihama njia. Hamduni yeye alifurahi, Mungu amsamehe. Akawa anashinda pale akimwita, na kila siku sauti ilizidi kukaribia uso wa udongo. Asubuhi moja alikuta kizingitini kwake alama ya kiganja, unga uliochanganyika na udongo mwekundu.

Mama mkwe wake, Bi Kidawa, alipoiona alikaa chini.

"Hamduni, baba, isikilize vizuri sauti ile. Mwanangu anachoka. Nilimlea aitike akiitwa, kukataa hajui. Mwache alale."

Hamduni alirudi kaburini akasikiliza. Kweli, ilikuwa sauti ya mtu anayeamshwa kila anapopata usingizi. Akalia sana. Akakikwangua kibao, akaliandika jina upya kwa herufi nyembamba ambazo huzioni mpaka uiname, na alipomaliza aliuma midomo asilisome.

Na tangu siku hiyo herufi nono zimeachiwa maduka, saluni na harusi, maneno mawili matatu tu, maana kazi yake ni kuita. Kaburini tunaandika kwa wembamba, na anayesoma husoma kwa macho.

Kibao cha bandani hakikuondolewa. Wapita njia waliendelea kuita, "Mashavu!", wakicheka. Na kila walipoita, Hamduni alisimama mlangoni, akatega sikio. Pakiwa kimya, alisema, "Alhamdulillahi, amelala," kisha akaingia ndani peke yake.