Shanga Ndani ya Pampu

Hapo zamani, wala si zamani ya majini na wafalme, ni zamani hii ya karibu, umeme ulipokuwa umeshapanda milimani na watu wameshazoea kulalamika ukikatika, palikuwa na mji wa baridi ukiitwa Kwezindi. Baridi ya Kwezindi mnaijua? Hamuijui. Ni baridi ya mtu kufua Jumatatu akaanua Alhamisi, na nguo bado mbichi. Asiyewahi kukaa huko asinibishie.

Katika mji huo mkunga mmoja, Bi Mwajabu, alijenga bwawa la maji moto la wanawake. Si bwawa la kuogelea, ni la kukaa tu, la saruji, watu wachache wakigusana magoti. Kwao mwanamke akijifungua hukandwa kwa maji moto na majani mpaka arobaini yake itimie, na Bi Mwajabu alichoka kuona mzazi anakandwa uani kwa ndoo, upepo unampiga mgongoni. Akajenga bwawa, akalizungushia ukuta, akaweka tanuri la kuni, na kati ya bwawa na tanuri akafunga pampu. Pampu inavuta maji bwawani, inayasukuma tanurini yapate moto, yanarudi. Mwanamume haingii. Hata paka dume alifukuzwa.

Mwenye kuwasha tanuri aliitwa Semeni. Huyu aliachika akarudi kwa kaka yake, na kwa kaka yake akawa mtu wa kuambiwa sogea, nyamaza, ngoja wenzio wale kwanza. Bwawani hakuna aliyemwambia nyamaza. Bwawani yeye ndiye anayesema zamu ni ya nani, maji yamepoa, leteni kuni. Alipapenda mahali pale kuliko alivyowahi kumpenda yule mume, na hakuona haya kulisema.

Basi, pampu ikaanza kelele. Kwanza ikanguruma. Kisha ikatetemeka. Kisha ikaanza kukwaruza, kacha-kacha-kacha, kinyozi wa ng'ambo ya barabara akawa anamuuliza mteja mara tatu anataka kunyolewa vipi.

Mwenyekiti wa mtaa, Bwana Shebughe, akawa amepata alichokuwa anakitafuta. Kiwanja kile alikitolea macho siku nyingi, anataka kujenga vibanda vya kupangisha. Ijumaa asubuhi akaja mlangoni na kufuli jipya mkononi.

"Bi Mwajabu, shikamoo."

"Marahaba."

"Nimepokea malalamiko ya wananchi kuhusu hiyo mashine. Ikifika adhana ya adhuhuri bado inalia, nafunga mlango huu. Na nikifunga sifungui."

"Wananchi wana majina," Semeni akasema, amesimama kizingitini, mikono kiunoni. "Wataje."

"Wewe nani amekuuliza?"

"Hakuna. Nimejibu mwenyewe."

Bi Mwajabu hakubishana. Siku hiyo hiyo alikuwa anashuka pwani kuishi kwa mwanawe, magoti yamekataa baridi, na mizigo yake ilishafungwa. Akaushika ufunguo wa bwawa uliokuwa shingoni mwake. Akasema mbele ya watu wote, wa ndani na wa nje: "Atakayeinyamazisha pampu hii kabla ya adhana, ufunguo ni wake. Wa mtu mmoja, si wa kamati. Mlango wake, amri zake, mpaka naye achoke."

Semeni aliutaka ufunguo ule. Aliutaka mpaka akaona aibu kuutazama.

Akaitwa Fundi Kaoneka, aliyeifunga pampu ile ukuta ulipokuwa bado haujasimama. Sasa ukuta umesimama na yeye ni mwanamume. Akakalia jiwe nje, chini ya kidirisha cha mvuke, spana zake mapajani.

"Semeni," akaita, "leo wewe ni mikono yangu."

"Mikono ni yangu. Sema tunaanzia wapi."

"Maji yamefunika mdomo wa bomba?"

"Yamefunika."

"Basi si kukosa maji. Shika spana hii, kaza nati za miguu yake, halafu chini yake weka kipande cha tairi."

Spana ikarushwa juu ya ukuta. Semeni akakaza, akaweka tairi. Kutetemeka kukaisha. Kacha-kacha ikabaki.

"Paka povu la sabuni kwenye maungio ya bomba linalovuta. Povu likinyonywa ndani, hapo ndipo panapoingiza hewa."

Akapaka ungio la kwanza, povu likatulia. Akapaka la pili, povu likamezwa. Akalizungushia tepu, akalikaza upya. Kunguruma kukaisha. Kacha-kacha ikabaki. Nje, Bwana Shebughe akawa analifungua na kulifunga kufuli lake, kama mtu anayejaribu meno mapya.

"Chukua mwiko," akasema Kaoneka.

"Sipiki saa hizi."

"Dada yangu, chukua mwiko. Kichwa chake kiegemeze kwenye pampu, mpini uweke sikioni. Kisha niigizie unachosikia."

Semeni akainama na mwiko. Akasikiliza. Kisha akaigiza kwa sauti, mbele ya wanawake wazima: "Kacha. Kachakacha. Ka. Kacha." Wanawake wakacheka, na mzazi aliyekuwa anasubiri kukandwa akajishika tumbo akiwaomba wasimchekeshe. Kaoneka hakucheka.

"Beringi ikifa hulia mfululizo, haipumui. Hii inaruka. Kuna vitu ndani, vidogo, vigumu, vingi. Mmeangusha nini?"

Wanawake wakatazamana.

"Nawauliza kwa sababu kichujio hakipo. Mwaka jana, ukuta ukiwa bado haujasimama, majani yenu ya mpera yalikuwa yanakiziba kila kukicha, mkanisumbua, nikakitoa. Kwa hiyo chochote kinachoanguka bwawani kinaingia moja kwa moja."

"Basi nafungua niangalie," akasema Semeni.

"Hufungui. Ikiwa ni kokoto, ni kazi nyingine. Ikiwa ni kitu kimejisokota kwenye mhimili, kile chuma kinachozungusha feni ya ndani, ukikivuta kwa pupa unaupinda, na hakuna mhimili mwingine milima hii yote. Nijue kwanza ni nini. Nisipojua siwapi neno."

Jua limepanda. Kila mwanamke akatazama vidole vyake vya miguu.

Pembeni alikuwepo Tabia, mke mdogo wa Bwana Shebughe, amejifunika kanga mpaka kidevuni. Juma moja nyuma, akiwa bwawani, shanga zake za kiunoni zilikatika. Habari za shanga za kiunoni sitazieleza hapa. Waliooa wanazijua, na wasiooa wasubiri. Itoshe kwamba mwanamke wa Kwezindi hazitaji hata mbele ya shemeji yake, seuze ukutani kukiwa na fundi, kinyozi na nusu ya mtaa. Zilikatika, akazipapasa majini, akazikosa, akanyamaza. Kesho yake pampu ikaanza kukwaruza, na akazidi kunyamaza.

"Ni shanga," akasema taratibu.

"Sisikii," Kaoneka akasema.

Tabia akasimama. Akashusha kanga kidevuni, akasema kwa sauti iliyomfanya kinyozi aondoe wembe kichwani mwa mtu: "Ni shanga zangu za kiunoni. Mimi Tabia, mke wa Shebughe. Zilikatikia humu bwawani. Zimetungwa kwa uzi wa nailoni. Kuna mwingine hajasikia?"

"Tabia," akaita mumewe kutoka nje.

"Bee."

"Umenivua nguo mbele ya mtaa wangu. Nyumbani kwangu usirudi."

"Nimesikia," Tabia akasema, akaketi.

Kaoneka akasafisha koo. "Uzi wa nailoni umejisokota kwenye mhimili. Vizuri. Hauvutwi. Feni ya ndani inazungushwa kwa mkono, kinyume na inavyokimbia, uzi utajifungua wenyewe. Lakini zimeni moto kwanza, tanuri lipoe. Koki ya upande wa tanuri imechoka, haifungi sawasawa. Pampu ikisimama, maji yanayochemka yatarudi nyuma."

"Lipoe mpaka saa ngapi?"

"Mpaka alasiri."

"Adhana ni sasa hivi."

"Basi, dada yangu, ndiyo hivyo. Mimi nimemaliza."

"Mimi sijamaliza," akasema Semeni.

Alizima swichi. Akafunga koki zote mbili, ile nzima na ile iliyochoka. Akafungua kifuniko cha pampu, na mpira wa kifuniko, kwa ukongwe wake, ukakatika vipande. Akatia mkono ndani.

Maji ya tanurini yalirudi kama alivyoambiwa. Bi Mwajabu akamwambia autoe mkono. Hakuutoa. Akazungusha kinyume, akazungusha kinyume, uzi ukaanza kulegea, shanga zikaja, nyekundu na nyeupe, na ngozi ya mkono wake ikawa nyekundu kuliko shanga. Hakupiga kelele. Alitukana tu, mara moja, tusi refu, na wanawake wakajifanya hawakusikia. Shanga ya mwisho ilipotoka, akafungua mzigo wa kuni, akachukua ule mpira wa tyubu wanaofungia kuni, akachora duara kwa mkaa, akakata kwa kisu. Hilo hakuambiwa na mtu. Akabana kifuniko, akafungua koki, akatoa hewa, akawasha.

Pampu ikavuma kidogo, sauti ya mtu anayelala usingizi mzuri. Ndipo adhana ikasikika, na ilisikika vizuri.

Bwana Shebughe akafungua mdomo. Nadhani alitaka kudai kwamba bila kufuli lake watu wasingeshughulika. Hatujui, maana Bi Mwajabu alimwambia, "Wahi swala, mwanangu," na akaenda, kufuli mfukoni.

Gari la kushukia pwani likawa limeshafika. Bi Mwajabu akavua ufunguo shingoni.

Kaoneka akasema kutoka nje: "Mie siingii humo, najua. Lakini ufunguo nautaka kwa ajili ya mama yangu, aliyekanda wazazi wa mji huu kwa ndoo mpaka mgongo ukapinda, na humu mnamwachia zamu ya mwisho. Nani alisema nati? Nani alisema povu? Nani alisema mwiko, nani alisema zungusha kinyume? Semeni angevuta, mhimili ungepinda, saa hizi mngekuwa mnatazama kufuli."

"Na kichujio alitoa nani?" mwanamke mmoja akauliza.

"Niliambiwa nitoe, nikatoa."

Tabia akasema: "Fundi alifika ukutani akakwama. Mwenyewe alisema asipojua hatoi neno. Neno nililitoa mimi, na nimelilipia kwa nyumba yangu. Jioni hii sina mlango wa kubisha."

"Ulituficha juma zima," wakamwambia.

"Niliwaficha. Asimame hapa anayeweza kuniambia kwamba yeye angesema siku ya kwanza."

Semeni akaja, mkono umefungwa kitambaa chenye asali. Hakuinamisha kichwa. "Fundi alijua, akasema nimemaliza. Tabia alisema, akaketi. Pampu ilikuwa bado inalia. Mimi niliambiwa toa mkono, sikutoa. Niliambiwa ngoja alasiri, sikungoja. Ningewasikiliza hawa wote, mlango huu ungekuwa na kufuli la Shebughe."

"Na kama ungeupinda mhimili?" Kaoneka akauliza.

"Haukupinda."

Kisha akamtazama Tabia. Alikuwa anaijua nyumba isiyo yako, ule wali unaoliwa mwisho, yale maneno ya sogea. Akamwonea huruma, huruma ya kweli. Na bado akasema: "Tabia, nakuhurumia, na ufunguo sikuachii. Mimi pia sina mlango mwingine. Akipewa mwingine, nitamtakia heri, na kesho moto atauwasha mwenyewe."

"Sikuombi uniachie," Tabia akasema. "Nadai changu."

Dereva akapiga honi. Bi Mwajabu akanyoosha mkono wenye ufunguo, na mbele yake mikono mitatu: mmoja umepenyezwa kwenye kidirisha cha mvuke, una grisi, mmoja hauna pete tena, maana mwenyewe ameshaivua, mmoja umefungwa kitambaa. Akaitazama yote.

Msiniambie washike kwa zamu. Alishasema ni wa mtu mmoja, na gari linaunguruma. Nyinyi mlionisikiliza muda wote huu mkinywa kahawa yangu, haya, semeni wenyewe: aliyejua, aliyesema, au aliyethubutu? Kiganja cha nani kilistahili ufunguo ule?