Mzee Aliyekwama Mnarani

Wapendwa, palikuwa na parokia moja ya zamani kule milimani. Jina sitalitaja, maana mtaanza kugeuka kutazamana.

Kanisa lake lilikuwa la mawe. Ramani walichora wamisionari, lakini mawe yalipanda kutoka mtoni vichwani mwa bibi zetu, na mbao za paa zilishuka msituni mabegani mwa babu zetu. Kuta zake nene, hata jua la saa saba likiwaka nje, ndani unatafuta sweta. Matao marefu, vioo vya rangi, na ubavuni mnara wa kengele, wenye ngazi nyembamba za mawe zinazopanda kwa kuzunguka ndani ya ukuta.

Mzee Othmari, mwenyekiti wa walei, alilipenda kanisa hilo kuliko shamba lake. Ukitaka kupigilia msumari wa kutundika picha ya Mtakatifu Anna, yeye huyo! "Huo ukuta ni historia!" Wanakwaya walikatazwa hata kuegemea nguzo.

Sasa, palikuwa na Bibi Apolonia. Miguu ilikuwa imemkataa, akawa anasukumwa kwenye kiti cha magurudumu. Mlango mkubwa una ngazi, wa pembeni ni mwembamba, kiti hakipiti. Basi Bibi akawa anasali nje chini ya dirisha, na mvua ikinyesha, anasali na mwavuli.

"Othmari mwanangu," alimwomba siku moja, "panueni huo mlango kidogo tu. Hata mimi nataka kumwona padre, siyo kumsikia kama redio."

"Bibi, nakuheshimu sana," Mzee akajibu. "Lakini mawe haya waliyapanga wazee wetu. Nikiwa hai, halitoki hata moja."

Ikafika jubilei ya parokia. Vikari wa askofu akaja na wageni wake, na Mzee Othmari, ndani ya suti yenye kizibao, akawazungusha: tao hili, nguzo ile, dirisha lile. Baada ya Misa, pilau likiwa tayari linanukia, akasema, "Bado mnara!" Akawatanguliza wageni, yeye akafuata nyuma akihutubia na kuhema.

Ngazi zile alizipanda mara ya mwisho akiwa kijana mwembamba mpiga kengele. Tangu hapo amehudhuria komunyo za kwanza nyingi, kipaimara nyingi, na harusi hakuwahi kukosa hata moja. Kwenye kona ya juu, hotuba ikakatika. Tumbo limeshika ukuta wa mbele, mgongo umeshika wa nyuma.

"Mzee, mbona kimya?" Vikari akauliza kutoka juu.

"Baba, mbele siendi, nyuma sirudi."

Vikari akachungulia. Njia ya kushukia ilikuwa hiyo hiyo moja, nayo imezibwa kama kibuyu kwa gunzi. "Basi," akasema, "sisi tuko mbinguni, wewe uko toharani. Tukuombee."

Wakamvuta, wapi. Wakamsukuma, wapi. Mzee akaanza kuogopa kweli. Pumzi fupi, jasho machoni. Kule chini watu wamejaa, na Bibi Apolonia kwenye kiti chake yupo. Fundi mwashi akapanda, akagongagonga ukuta. "Nikitoa mawe machache hapa, atapita."

"Toa!" Mzee akapiga kelele. "Toa hata mnara mzima!"

"Lakini Mzee, si ulisema ni hist..."

"Achana na nilichosema! Huoni kuna mtu amekwama?"

Sauti hiyo ikatokea kwenye vidirisha vya mnara, ikawafikia wote uwanjani. Watu wakaacha kucheka. Wakageuka, mmoja baada ya mwingine, wakamtazama Bibi Apolonia.

Bibi akainua macho kuutazama mnara. Kisha akasema, "Msibomoe. Leteni mafuta ya kupikia, na mvueni hiyo suti."

Wakammiminia debe la alizeti. Fundi akavuta miguu, Vikari akasukuma mabega, na Mzee Othmari akachomoka, akashuka ngazi kwa makalio mpaka mlangoni, akiwa na bukta na tai. Akabaki amekaa pale chini, mafuta yanamchuruzika, macho yake sawasawa na macho ya Bibi kwenye kiti. Akalia.

Juma lile lile yeye mwenyewe alimwita fundi, na jiwe la kwanza la mlango wa pembeni alilitoa kwa mikono yake. Kanisa halikuanguka. Jumapili Bibi akaingia, Mzee akiwa mlangoni ameshaanza: "Bibi, mlango huu una historia ndefu..."

"Utanisimulia baadaye, mwanangu. Misa imeanza."

Mmecheka. Haya. Sasa niambieni: sisi tunalinda nini? Utaratibu ukimzuia mwenzetu, tunauita mapokeo matakatifu. Ukitubana sisi, tunaita fundi! Yule mama asiye na sare ya jumuiya, tulimwambia nini? Kijana aliyerudi baada ya kupotea, nani alimpisha kwenye benchi? Bibi zetu hawakubeba mawe vichwani ili wajukuu wao wabaki nje. Walibeba ili watu waingie.

Tusimame tukiri imani yetu. Na ninyi mliojazana pale mlangoni, sogeeni ndani. Kuna watu nyuma yenu.