Jua la Kuku

Paukwa!
Pakawa!
Paukwa tena, huko nyuma mmesinzia!
Pakawa!

Hapo zamani za kale, kale kweli, palikuwa na bibi mmoja, jina lake Mbodze. Mumewe alifariki mahindi yakiwa ndiyo kwanza yamepandwa. Alimwachia shamba moja, wajukuu wanne, na shemeji mmoja, Nguma. Wajukuu walitazama chungu. Shemeji alitazama shamba.

Kijiji kile kilikuwa na mila: shamba la mjane likilala tupu, hata usiku mmoja, linarudi kwa ukoo. Na shamba gani lisilobaki tupu baada ya kuvunwa, jamani? Msiniulize nani alitunga mila hiyo. Si wajane.

Siku moja adhuhuri, Mbodze alikuwa akimtafuta kuku wake. Kru-kru-kru! Akamkuta kati ya mistari ya mahindi, amejilaza, kafungua bawa, anaota jua. Mbodze akasimama. Majani ya chini yalikuwa yameanza kukauka, na jua lilipenya mpaka udongoni.

"Alaa! Jua lote hili la kuku peke yake?"

Kesho yake akaingia shambani. Akayachuma majani makavu, chwa! chwa! Akachimba vishimo kati ya mistari, ti! ti! ti! Akatia mbegu za mtama. Jirani yake Sidi akacheka mpaka akashika kiuno.

"Mama, mahindi hujavuna, unapanda mtama? Mafahali wawili hawakai zizi moja!"

"Mmoja anatoka, mwenzake anaingia, mwanangu. Wanapishana mlangoni tu."

Mahindi yakala jua la juu. Mtama ukala jua la chini. Jani likikauka, chwa! Jua likashuka. Mahindi yalipokomaa, mtama ulikuwa umefika magotini.

Siku ya mavuno Nguma akaja, jembe begani, na wazee wawili wa kushuhudia. Mbodze alikata mabua, fyu! fyu! Alikuwa akiwawaza wale wajukuu wanne. Bua la mwisho likaanguka.

Kijani! Mstari kwa mstari, kijani!

"Shemeji, nini hiki?"

"Mtama, shemeji. Karibu uji."

Mzee mmoja akasema, "Nguma, shusha jembe. Hapa hapajalala tupu."

Nguma akanywa uji, akaenda zake. Alipofika kwake, akaliangalia shamba lake mwenyewe. Lilikuwa tupu, na kuku watatu wanaota jua.

Msimu uliofuata alirudi, kichwa chini. "Shemeji, nifundishe."

Mbodze angeweza kumfukuza. Mimi ningemfukuza! Yeye alimpa mbegu kibaba kimoja, akamwonyesha jani la kuchuma na la kuacha. Nguma naye akawafundisha wenzake. Mwaka huo ukoo wote ulikula mara mbili, na ile mila ya shamba tupu ikafa yenyewe, maana hapakuwa na shamba tupu.

Ndugu zangu, jua halina mwenyewe. Ni la anayeliwekea jani bichi.

Hadithi yangu imeishia hapo, penye bua la mwisho. Aliye na kuku na akamwangalie.