Fundi wa Mawigi Aliyetia Maji

Mwenzako akinyolewa, zako tia maji. Maana ya methali hii si ngumu: jambo likimfika jirani, usikae ukimcheka wala kumlaani kinyozi, jiandae, kwa kuwa wembe ukimaliza huko utakuja huku. Wengi huijua methali hii mdomoni tu. Katika mji wa Haverley, hapa Uingereza kwenye kondoo wengi kuliko watu, walikuwako mafundi kumi na wawili walioijua kwa utosi, na kati yao ni mmoja tu aliyewahi maji.

Fundi huyo aliitwa Obadiah Thripp. Alitengeneza mawigi kama baba yake, na baba yake kama babu yake. Enzi za babu, mwanamume mwenye heshima zake hakutoka nje bila wigi. Alinyoa kichwa kikawa kama kibuyu, kisha akapachika juu yake nywele za mtu mwingine na kuzimwagia unga mweupe hadi mabegani. Kila Jumamosi maboksi ya mawigi yalijaa mlangoni kwa Thripp yakisubiri kutengenezwa kwa ajili ya ibada ya kesho yake. Nywele mpya zilizungushwa kwenye vijiti vya udongo, zikafunikwa kwa kinyunga cha unga, zikapelekwa kuokwa kwenye tanuri la mwoka mikate. Watu wa Haverley walizoea kukuta unywele ndani ya mkate, wala hawakununa.

Kisha mambo yakageuka. Bwana mdogo Ferris, mrithi wa shamba kubwa kuliko yote, alirudi kutoka safari zake akiwa na nywele zake mwenyewe, amezifunga kisogoni kwa utepe mweusi. Wasichana walimtazama mpaka wakasahau nyimbo za kanisani. Mwezi haukupita, vijana wote wakatupa mawigi. Baada yao daktari naye akatupa la kwake, akisema eti lilikuwa likimpa kipandauso miaka ishirini. Maboksi ya Jumamosi yakapungua, yakabaki mawili, la meya na la kasisi. Obadiah alikaa dukani akitazamana na vichwa vya mbao, na vile vichwa, kwa jinsi alivyovunjika moyo, alihisi vinamcheka.

Ndipo Jeremiah Cudworth, mwenyekiti wa chama cha mafundi wa mawigi, alipoitisha mkutano katika baa ya Jogoo Mweusi. Cudworth alikuwa na sauti kubwa na subira ndogo.

"Ndugu zangu, tunakufa huku tunajiona!" alisema akigonga meza. "Jumatatu ya gulio tutaandamana mpaka kwa meya. Tutamwomba aamuru kila mwanamume mwenye nyumba na jina avae wigi. Asiyetaka, faini!"

"Faini!" wakaitikia wote, na Obadiah aliitikia kuliko wote, akatia sahihi yake kwenye ombi kwa mbwembwe.

Siku ya Alhamisi gari la farasi lilileta gazeti kutoka London. Obadiah alimsomea mkewe, Hester, wakiwa wanapata kifungua kinywa. Mafundi wa mawigi wa huko nao walikuwa wameandamana wakitaka watu walazimishwe kuvaa mawigi. Ila wao wenyewe walikwenda na nywele zao kichwani. Watu wa mjini walipoliona hilo waliwakamata, wakawakata nywele palepale barabarani.

Hester alicheka hadi chai ikammwagikia kifuani. Alipopata pumzi akauliza, "Na wewe, mume wangu, Jumatatu utavaa nini kichwani?"

Obadiah alijishika kichwa. Alikuwa na nywele nzuri za rangi ya hudhurungi, nzito, zilizofika mabegani, na alizipenda kuliko alivyokuwa tayari kukiri.

"Hester, unajua wigi linawasha. Na joto lile la dukani..."

"Najua. Ndiyo maana nakuuliza."

Obadiah aliinamia sahani yake. Alikuwa amesema faini kwa sauti kubwa kuliko wote, na sasa aliona aibu hata kumtazama mkewe. Nyani haoni kundule. Yeye lake alioneshwa mezani, mkate ungali mdomoni.

Alichukua gazeti akaenda mbio kwa Cudworth, akamkuta ananyoosha utepe wa nywele zake mbele ya kioo.

"Mwenyekiti, soma hapa. Tukienda hivi tulivyo, yatatufika haya haya. Tuvae mawigi au tusiende kabisa."

Cudworth alisoma, akalirudisha gazeti kwa ncha za vidole. "London ni wahuni, bwana. Haverley watu wana adabu zao. Niende nikavae wigi mwezi wa Juni, unanitakia kiharusi?"

"Basi kama sisi hatulitaki, tunamlazimishaje mwenzetu?"

"Wee Thripp, umeanza lini falsafa? Sikiliza. Jumatatu asiyeandamana nalifuta jina lake chamani. Na unajua aliyefutwa chamani hafungui duka katika mji huu, si la mawigi wala la vifungo. Nenda kafikirie."

Obadiah alifikiri siku tatu, na zilikuwa siku ndefu. Akiandamana, yale ya London yangemfika. Asipoandamana, lile duka la babu lingefungwa, na yeye hakujua kazi nyingine duniani isipokuwa nywele. Aliizungusha kauli hiyo kichwani mara nyingi: hakujua kazi nyingine isipokuwa nywele. Asubuhi ya Jumatatu aliirudia kwa sauti mbele ya mkewe.

"Sasa?" Hester akasema. "Nywele zimekwisha mjini? Watu wametupa za kununua, za kuota wanazo. Umeona zilivyokaa? Yule mtoto wa Ferris kwa nyuma anafanana na mkia wa farasi wa posta. Hakuna anayejua kuzikata, maana miaka mia nzima watu wananyoa tu."

Obadiah alimtazama mkewe kama anayemwona kwa mara ya kwanza. Kisha akainuka, akatoa kiti nje, akaweka beseni la maji mlangoni.

"Lete mkasi, mke wangu. Tutaanza na zangu."

Wakati huohuo mafundi kumi na mmoja walikuwa wakiingia uwanja wa gulio, Cudworth mbele na ngoma ikipigwa, nywele zao wenyewe ziking'aa juani. Hawakuwa wamekumbuka jambo moja. Ilikuwa wiki ya kukata manyoya ya kondoo, na wakataji arobaini walikuwa wameshuka mjini, kila mmoja na mkasi wake kiunoni, wamekwisha kunywa na wanatafuta la kuwachekesha.

Mkubwa wao, jitu moja lililoitwa Jem Harrow, lilisikiliza ombi likisomwa mpaka mwisho. Kisha likauliza kwa upole, "Samahani, mzee. Mnataka sote tuvae mawigi. Ya kwenu yako wapi?"

Cudworth aligusa utepe wa nywele zake.

"Labda hayawakai kwa sababu ya hizo nywele," Jem akasema. "Jamani, tuwasaidie wazee wetu!"

Uwanja ulilipuka kwa kicheko. Wakataji walikuwa mafundi wa kazi yao, na kondoo huchukua muda mrefu kuliko fundi wa mawigi. Hakuna aliyekwaruzwa hata kidogo. Lakini walipoachiwa, vichwa kumi na kimoja vilikuwa vimekatwa kwa ngazi ngazi kama kabichi lililopitiwa na mbuzi.

"Kumi na mmoja tu?" mwanamke mmoja muuza jibini akapaza sauti. "Mbona wako kumi na wawili? Bado Thripp!"

"Thripp! Thripp!" Umati ukageuka, ukamiminika kuelekea dukani kwa Obadiah, na wale waliokwisha kukatwa wakafuata nyuma. Taabu ya wengi ni harusi, na Cudworth hakutaka harusi hiyo impite mtu.

Walimkuta Obadiah ameketi nje ya mlango wake, shuka jeupe shingoni, maji yakimchuruzika usoni. Nywele zake ndefu zilikuwa chini, na zilizobaki kichwani Hester alikuwa akizimalizia nyuma ya masikio. Zilikuwa fupi, zimelala vizuri, zimempunguzia miaka kumi. Obadiah alijikaza akatabasamu.

"Mmechelewa, jamani," alisema. "Nimeshatia maji. Ila wewe mwenye mkasi wa kondoo, kaa hapo mbali, mke wangu ana wivu."

Jem Harrow alibaki ameduwaa na mkasi wake hewani. Kisha akacheka, na umati wote ukacheka naye. Alimzunguka Obadiah mara mbili akimkagua kama kondoo wa maonyesho.

"Hii ndiyo nini?"

"Nywele zangu mwenyewe, zimekatwa zinavyotaka kulala."

"Na mimi zangu zinaweza kulala hivi? Leo tuna ngoma ya kumaliza kazi, na kuna binti mmoja..."

"Panga foleni," Hester akamkata. "Kwanza wagonjwa."

Obadiah akasimama, akampisha mwenyekiti wake kitini. Cudworth aliketi. Obadiah alimlowesha kichwa taratibu, akachukua mkasi na kitana, akasawazisha ngazi moja baada ya nyingine, mpaka kabichi likawa tena kichwa cha binadamu. Cudworth alipopewa kioo alijitazama, machozi yakamlengalenga.

"Mwenyekiti," Obadiah akanong'ona, "vipi kuhusu jina langu chamani?"

"Jina gani?" Cudworth akafoka kwa ile sauti yake ya zamani. "Nani kasema litafutwa? Kaa hapo unifundishe hii kazi."

Foleni ilizunguka uwanja mzima siku hiyo. Wakataji wote arobaini walikwenda ngomani na nywele za Thripp, na inasemekana Jem alimpata yule binti. Jioni, foleni ilipokuwa imebaki ya watu watatu, wa mwisho alikuwa meya mwenyewe. Alitazama kushoto, akatazama kulia, akavua wigi na kumkabidhi Hester kwa mikono miwili.

"Bibi," alisema kwa sauti ya chini, "sijatazama chini ya kitu hiki tangu nioe. Nambieni ukweli, kuna chochote?"

"Kipo, bwana meya," Hester akamjibu, akichota maji. "Kidogo, lakini tutakiheshimu."

Kwa majuma sita yaliyofuata, ukiacha kasisi, mawigi yalivaliwa Haverley na watu kumi tu barabarani, nao ni wale wale waliotaka kuyalazimisha. Walitembea juani wakikuna vichwa, wakisubiri nywele ziote, wakiona aibu kuketi kitini kwa Thripp. Cudworth pekee hakuhitaji wigi, maana nywele zake zilikwisha kusawazishwa. Naye Obadiah alipowaona wakipita mbele ya duka lake lililojaa watu, hakuwacheka sana. Aliwaonesha beseni lililokuwa mlangoni, kwa kuwa mwenzako akinyolewa, zako tia maji.