Kandambili ya Gumbo

Hapo zamani, mwaka ule mto ulipoingia mjini bila kubisha hodi, Siwema alisimamia dari ya ghala walimokimbilia waliokosa makao. Alikuwa msichana wa kukagua kila fundo la ngazi mara mbili. Kanuni aliitunga mwenyewe: "Aliyetangulia kwenye foleni ndiye anayepanda. Haulizwi kabila, hanuswi mdomo."

Foleni yenyewe ilikuwa ya kandambili. Unaweka yako barazani, unakwenda zako kuokoa vyombo. Zamu ikifika, unapanda.

Alasiri ile maji yakafika barazani, na boriti za dari zikaanza kulia. Fundi seremala aliyekuwa kule darini akapiga kelele: "Mmoja tu! Wakizidi, tunaanguka sote!" Wa kubaki ingewabidi waogelee hadi kilimani, na maji ndiyo hayo.

Siwema akachungulia barazani. Kandambili iliyobaki ilikuwa moja, ya Gumbo, hamali mlevi. Mwenyewe hayupo!

Mara huyoo! Gumbo katokea, maji kifuani, kambeba mgongoni Tabu, mja mzito.

"Dada Siwema, napanda! Zamu yangu hiyo!"

"Unanuka gongo!" wakamzomea waliokuwa juu.

"Kanuni hainusi! Nisingemfuata huyu, saa hizi ningekuwa huko juu nakoroma."

Bi Mosi, kizee aliyesimama barazani tangu asubuhi, akacheka kwa uchungu. "Kandambili yako ilisombwa, Gumbo. Nani aliikimbilia akairudisha? Mimi! Ningenyamaza tu, ningekuwa wa kwanza. Mwanangu Siwema, mimi sina kandambili. Nimeweka miguu yangu."

Tabu akaushika mguu wa ngazi. "Mimi foleni sina, dada. Uchungu umenishikia njiani. Huyu wa tumboni mtamwambia asubiri zamu gani?"

"Nimekubeba wewe, mama, sikukubebea nafasi!" Gumbo akafoka. Lakini mikono yake haikumwachia.

Siwema akawaza: Akiivunja kanuni, kesho atapanda mwenye misuli. Akiishika, ataishika mbele ya macho ya hawa watatu wanaomtazama?

Boriti ikalia tena. "Upesi, binti!"

Siwema akalala kifudifudi, akanyoosha mkono chini. Mkono mmoja.

Haya, ninyi mnaosikiliza mkiwa pakavu: je, nani alistahili kuushika?