Mkeka wa Muhaza

Paukwa!

Pakawa!

Sogeeni. Mwenye kazi mkononi aendelee nayo, mimi nataka masikio tu.

Zamani sana, bibi za bibi zetu walipokuwa wangali wasichana, palikuwa na kijiji, na katika kijiji hicho aliishi mwanamke mzee, Bi Mwantumu. Uani kwake palikuwa na chuo. Hakikuwa chuo cha kusoma. Wasichana walikuja asubuhi, wakakaa chini, wakafundishwa kusuka ukili, ule utepe mrefu wa majani ya miyaa unaoshonwa ukawa mkeka. Shwi, shwi, shwi. Vidole vinakwenda, midomo inakwenda.

Raya ndiye aliyekuwa na mkono mwepesi kuliko wote. Alikuwa akisuka mkeka wa harusi ya dada yake, Muhaza. Mize vidole vyake vilikuwa vizito. Ukili wake ulipinda huku, ukapinda kule.

Siku moja Mize aliinua ukili wake amwonyeshe mwalimu. Wenzake wakacheka. Kwa! Kwa! Kwa! Raya alicheka mpaka akashika mbavu. Mize akaukunja ukili wake, akaukalia.

Asubuhi iliyofuata Raya alifungua mzigo wake aliouacha chuoni usiku, akakuta ukili wote umekatwakatwa. Hakulia. Aliokota kipande, akakiweka chini, akaokota kingine.

"Nani kafanya hivi?" Bi Mwantumu akauliza.

Mize akasimama. "Mimi," akasema, akakimbia kwao.

Desturi ya pale, aliyeharibu kazi ya mwenzake alifukuzwa chuoni, na mama yake hakualikwa tena kwenye shughuli. Mama yake Raya akaja na kina mama wenzake.

"Mfukuze," wakasema.

"Nikimfukuza, ukili utaungana?" Bi Mwantumu akawauliza.

Bi Mwantumu akashika njia, polepole, pu, pu, pu, mpaka kwa kina Mize. Akamkuta nyuma ya jiko, kajifunika kanga gubigubi.

"Twende chuoni, mjukuu wangu."

"Siwezi, bibi. Watanitazama."

"Watakutazama kweli. Nitakaa karibu nawe."

Wakaenda. Bi Mwantumu akawakalisha wote duara, akachukua kipande cha ukili uliokatwa. "Aliyekishika ndiye asemaye. Wengine tunasikiliza."

Raya akakishika kwanza. "Nilianza kusuka tangu dada alipoposwa," akasema. "Kila jioni nilikuwa namwambia umefika wapi. Jana usiku nililala nikiwa na furaha. Leo sijui nimwambie nini."

Mize akapokea. "Mlinicheka," akasema, macho chini. "Nikataka na wewe ukose cha kuonyesha. Nilipokuwa nakata niliona raha. Nilipomaliza nikatamani ardhi inimeze."

Kipande kikazunguka. Hakuna aliyecheka. Mmoja alisema, "Mimi ndiye niliyeanza kucheka," akakitoa haraka kama kaa la moto. Kilipomfikia Bi Mwantumu, wasichana walidhani atawakaripia. Mzee alikitazama tu.

"Nami nilitabasamu," akasema. "Mize aliniona. Mimi ni mwalimu wake, na nilitabasamu." Akainama, na wale watoto, ambao walikuwa hawajawahi kumwona mtu mzima akiona haya mbele yao, wakakosa pa kutazama.

Kisha akasema, "Kucheka ni aibu yetu. Kukata ni aibu yako, Mize, hatukupunguzii. Raya, unataka nini?"

"Nataka mkeka," Raya akasema. "Na ausuke yeye."

"Sijui kusuka," Mize akanong'ona.

Raya akasogea, si sana, akasema, "Leta mkono."

Waliocheka wakaenda kukata miyaa, wakaianika, wakaitia rangi. Raya na Mize wakasuka. Shwi, shwi, ukapinda. Wakafumua. Shwi, shwi, ukapinda. Wakafumua. Harusi ikafika mkeka haujaisha. Muhaza akakalia mkeka wa kuazima, na Mize, aliyekuwa akigawa maji, aliuona, akageuza uso.

Lakini hawakuacha. Mkeka ulipokwisha, Raya na Mize wakaubeba mpaka nyumbani kwa Muhaza. Raya akaingia. Mize akasimama nje, kaukumbatia mkeka, macho kwenye vidole vya miguu.

"Mbona huingii?" Muhaza akamwuliza.

"Naona haya, dada."

"Ingia nayo hiyo haya. Mkeka hautandikwi mlangoni."

Mize akaingia, akautandika mwenyewe.

Watoto wangu, mwenzenu akikosa, msimwache peke yake na kosa lake. Mkalisheni na yule aliyeumia, wasikilizane, atengeneze alichoharibu. Na kila mmoja ajiulize alikuwa akifanya nini siku ile.

Nilipofika mimi ni hapa. Aliye na ngano nyingine anipokee zamu.